Nani Ameshika Kamba? Kisa cha Matuta ya Machakos

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, ukafika Kyumvi na kukata kushoto kwenda Machakos mjini, jitahidi upite saa kumi na moja jioni. Jua likiwa limelala, vivuli vinakuonyesha kitu ambacho mchana hukioni. Milima ya Mua na Iveti imejaa mistari kuanzia kileleni hadi bondeni, mstari chini ya mstari, kama kichwa kilichosukwa kwa ajili ya harusi. Kila mstari ni tuta, na kila tuta lilichimbwa kwa jembe, beleshi na mgongo wa mtu.

Tuta hilo linaitwa fanya juu. Wataalamu wa udongo wa Ethiopia huliandika hivyohivyo bila kulitafsiri. Mtu wa Mvita akilisikia atacheka kidogo, maana yeye angesema tupa juu: unachimba mtaro ukikata mteremko, udongo unaurusha upande wa mlimani, unakuwa ukuta. Lakini hicho ni Kiswahili cha shambani, cha mkulima wa Kikamba na bwana shamba wakikutana katikati, na kimesafiri mbali kuliko Kiswahili cha washairi.

Swali langu katika kisa hiki linahusu kamba. Kupima tuta unahitaji fito mbili za urefu mmoja, kamba ya mita kumi hivi, na pima maji ile ya fundi wa nyumba ikining'inia katikati. Watu wawili wanashika fito, wa tatu anaangalia povu. Povu likitulia katikati, mambo yamenyooka, kigingi kinapigwa. Wanasonga mbele mita kumi nyingine. Ni kazi ya kitoto ukiiona. Ila yule anayesoma povu ndiye anayeamua mtaro upite wapi, na mtaro hauangalii kama umekata shamba la mihogo la shemeji yake au umepita chini ya mwembe wa mwenyekiti. Machakos imewahi kupimwa na watu wa namna mbili, waliotumwa na waliochaguliwa, na matokeo yakawa tofauti kama usiku na mchana.

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyehusika na hifadhi ya udongo, aliandika ripoti kuhusu eneo la Wakamba la Machakos. Alichokiona kilitisha kweli. Makorongo yalikuwa yamepasua vilima, udongo wa juu ulikuwa umekwenda na maji, nyasi zimeliwa hadi mizizi. Akatabiri kwamba nchi ile inageuka jangwa la mawe na mchanga. Lawama akaiweka kwa Wakamba na ng'ombe wao. Jambo alilolipita mbio ni kwamba Wakamba hao walikuwa wamezungushiwa mipaka: vilima vya Mua vilikuwa mikononi mwa walowezi, na uwanda wa Yatta, waliozoea kukimbilia na mifugo wakati wa ukame, ulikuwa ardhi ya Mfalme. Mtu ukimfungia chumbani na ng'ombe wake halafu ukashangaa zulia limechafuka, kosa ni la nani?

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na haikuwa siri kwamba kiwanda cha nyama cha Liebig's huko Athi River kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Julai mwaka huo umati wa Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, ukatembea hadi Nairobi na kupiga kambi kwa majuma kadhaa ukitaka kumwona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ikarudi nyuma na uuzaji wa lazima ukasitishwa. Leo jina lake ni la barabara katikati ya Nairobi, na wengi wanaohangaika kutafuta pa kuegesha gari pale hawajui kwamba vita vyake vilikuwa vya ng'ombe na udongo.

Hapa naomba niende Marekani kidogo, maana kisa chetu kina mguu mmoja kule. Miaka hiyohiyo ya 1930 upepo ulikuwa ukibeba udongo wa nyanda za kati za Marekani na kuumwaga mijini kama moshi, na maofisa wa Kenya walizisoma habari hizo kwa hofu. Maher mwenyewe baadaye alisafiri kwenda kujifunza, ripoti ya safari yake ikatoka 1940. Sasa tazama kilichofanywa huko. Februari 1937, mwaka uleule wa ripoti ya Machakos, Rais Roosevelt aliwapelekea magavana wa majimbo mfano wa sheria: wakulima wapige kura waunde wilaya zao za hifadhi ya udongo, na wachague wasimamizi miongoni mwao. Serikali ilete mtaalamu, lakini uamuzi uwe wa wenye mashamba. Wilaya ya kwanza, Brown Creek katika jimbo la North Carolina, ilianzishwa Agosti 1937, na sasa nchi ile ina karibu wilaya 3,000 za aina hiyo, zikiongozwa na wakulima ambao wengi wao hawalipwi mshahara. Kenya ilichukua ile hofu, ikachukua na michoro ya matuta. Kura ikaachwa baharini.

Baada ya Vita vya Pili fedha zilikuja kupitia mpango mkubwa wa ardhi za Waafrika uliojulikana kwa kifupi kama ALDEV, na Machakos ikapata fungu nono. Kazi ilikuwa ya lazima, asubuhi mbili kila juma, chifu akitoa amri na mzee wa kijiji akiita majina. Asiyetokea alishtakiwa. Na tuta lenyewe lilikuwa bovu, mtaro mwembamba ambao udongo wake ulitupwa upande wa bondeni, kwa hiyo mvua chache tu ziliujaza mchanga na kuupita juu. Huko Murang'a mwaka 1948 wanawake walikataa waziwazi kuchimba. Machakos hawakugoma kwa kishindo namna hiyo. Walichimba kama mtu anavyochimba shimo asilolitaka, wakaliacha lijifukie. Kati ya kujitolea na kutolewa, Kiswahili kimeweka silabi mbili tu, lakini mgongo unajua tofauti.

Mambo yaligeuka mapema katika miaka ya 1950. Wakamba wana desturi ya mwethya: mwenye kazi kubwa kuliko nguvu za nyumba yake, kama kujenga au kulima, anawaita majirani, wanakuja, wanakula, kesho ni zamu ya mwingine. Serikali ikakubali kazi ya matuta ipitie mlango huo. Vikundi vikaruhusiwa kuchagua viongozi wao na shamba la kuanzia, na mara nyingi aliyechaguliwa alikuwa mwanamke. Tuta likabadilika pia. Fanya juu na matuta mapana ya ngazi, ambayo wakulima wachache walikwisha kuyajaribu kwa mboga za kuuza, yakachukua nafasi ya ile mitaro myembamba. Kasi iliongezeka kiasi cha kuwashangaza maofisa waliokuwa wamezoea kuhesabu watoro.

Tusiwape sifa zisizo zao, lakini. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wakamba walikuwa wengi jeshini na katika polisi, na serikali iliyokuwa ikipigana na Mau Mau haikutaka moto mwingine uwake upande wa mashariki. Mkono uliolegeza kamba uliilegeza kwa hesabu. Mwaka 1954 wakulima wa milimani wakaruhusiwa kupanda kahawa, sharti moja likiwa shamba liwe na matuta. Nina hakika miche ya kahawa ilishawishi watu wengi kuliko mabaraza yote ya chifu yakijumlishwa.

Sasa nije kwenye kiini, yaani kwa nini tuta linahitaji kiongozi. Tanki la maji la nyumbani ni la mwenye nyumba. Likivuja, anapata hasara peke yake. Fanya juu haiko hivyo. Mvua za Machakos, zile za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, zina tabia ya kuja kwa hasira, nusu saa ya mafuriko kisha jua. Maji yakishuka mlimani yanakuta ukuta wa kwanza, yanasimama, yanaacha udongo nyuma ya ukuta na kuzama taratibu. Msimu baada ya msimu udongo hujaa, mteremko kati ya tuta na tuta unalala, na baada ya miaka kadhaa una shamba la ngazi bila kuhamisha mlima kwa siku moja. Lakini ukuta sharti uinuliwe kila mwaka na kushonwa kwa nyasi, za makarikari au mabingobingo, ambazo pia ni chakula cha ng'ombe. Mahali ambapo ng'ombe amepakanyaga au fuko amechimba, ndipo maji yatakapopita. Kamba hukatika pabovu. Na ukuta wa juu ukikatika, maji yaliyokuwa yamelala nyuma yake hayashuki kama mvua. Yanashuka kama lori lililokatika breki, yanaubomoa wa pili, wa tatu, mpaka bondeni. Matuta tisa mazuri yanauawa na moja bovu lililo juu yao.

Ndiyo maana kazi huanzia juu. Kwanza mtaro mkubwa wa kukinga maji yanayotoka kileleni, kisha matuta yakifuatana kushuka. Fikiria maana yake kwa watu. Mama mwenye shamba bondeni ndiye anayeumia zaidi kila mvua inaponyesha, kwa kuwa uchafu wa mlima mzima unaishia kwake, lakini anaambiwa aende akachimbe kwa watu wa juu, wiki baada ya wiki, na shamba lake litakuwa la mwisho. Mwenye shamba la juu naye anaambiwa atoe kipande cha ardhi kwa ajili ya mtaro ambao faida yake kubwa inakwenda kwa wengine. Afisa anaweza kumlazimisha wa juu kwa faini. Hawezi kumfanya wa chini aamini kwamba zamu yake itafika. Imani hiyo hutolewa kwa mtu anayemfahamu, ambaye akimwahidi na asitimize watakutana kisimani kesho yake.

Kazi ya kiongozi wa mwethya, basi, imo zaidi katika kutunza deni kuliko katika kupima. Ana daftari, au ana kichwa kinachofanya kazi ya daftari, chenye majina ya nani alikuja, nani alimtuma mtoto wa miaka kumi na miwili badala yake, nani ana ruhusa kwa sababu amejifungua. Siku ya kazi watu huanza umande haujakauka, kila mmoja akapimiwa urefu wake wa mtaro, kina na upana ni karibu kiwiko na nusu. Wimbo unaanzishwa, mara nyingi wimbo wa kumsema mvivu bila kumtaja. Mwenye shamba anapika muthokoi. Jua likikaribia utosini majembe yanawekwa chini, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Asiyetokea analipa faini ya kikundi, na faini hii ni tofauti kabisa na ile ya chifu ingawa kiasi kinaweza kuwa sawa, maana inaingia kwenye sanduku lake mwenyewe.

Kuna watakaosema nimeupamba uongozi kupita kiasi, na wana hoja. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1994, ambao waandishi wake walikwenda hadi kupiga picha upya katika sehemu zilizopigwa picha mwaka 1937, ulieleza mabadiliko ya Machakos kwa upana zaidi. Watu waliongezeka kutoka 240,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado vilima vilikuwa vimekingwa vizuri kuliko wakati watu walipokuwa wachache. Sababu zilizotajwa ni soko la Nairobi lililo karibu, kahawa, mboga na matunda, pesa za mishahara zilizotumwa nyumbani, mahindi ya Katumani yanayokomaa upesi, na desturi ya Kikamba ya ng'undu, yaani ardhi inayojulikana ni ya nani na atairithi nani. Mtu hachimbi mtaro katika shamba ambalo kesho litakuwa la mwingine.

Nakubaliana na yote hayo. Soko na umiliki vinaeleza kwa nini mtu atake matuta. Havielezi kwa nini Wakamba haohao, wenye ng'undu zilezile, wakiwa umbali uleule na Nairobi, walichimba vibaya mwaka 1948 na vizuri mwaka 1956. Kahawa inaeleza sehemu, ila maeneo makavu yasiyoota kahawa nayo yalichimbwa. Kilichobadilika kila mahali ni aliyeshika kamba. Wako pia wakosoaji walioonyesha kwamba sifa za Machakos zimejengwa juu ya vilima vya karibu na barabara, na kwamba ukishuka kwenye nyanda kavu za kusini na mashariki, kwenye nyumba zisizo na mtu mwenye mshahara mjini, hadithi inabadilika. Hilo nalo ni kweli, na linanipeleka kwenye jambo ambalo wapenzi wa kisa hiki hulipitia haraka.

Kwa nini viongozi walikuwa wanawake? Jibu la heshima ni kwamba walikuwa hodari. Jibu lingine ni kwamba wanaume hawakuwepo. Walikuwa Nairobi, Mombasa, kambini, relini. Aliyebaki na mlima ni mke, na kwa mila mke huyo alichimba matuta katika ardhi ya ukoo wa mumewe, ambayo mabinti zake wasingerithi. Saa alizotoa kwa kikundi hazikuandikwa popote kama gharama. Ukisoma hesabu za miradi ya baadaye utaona saruji, petroli, posho za maofisa. Mgongo wake unaitwa mchango wa jamii. Najua wanaopinga malipo kwa wanaojitolea, wakisema pesa huua moyo, na nimeona wanachokisema kikitokea: mradi ukilipa kwa kila mita ya mtaro, siku malipo yanapokoma na majembe yanakoma. Lakini ningependa kusikia hoja hiyo ikitolewa walau mara moja na mtu asiye na posho.

Uhuru ulipokaribia, kuchimba kulikoma sehemu nyingi. Tuta lilikuwa limenuka ukoloni mno. Miaka ile ilikuwa migumu hata bila hayo: mwaka 1961 njaa ilikuwa kali hadi chakula kikaletwa kwa ndege, na Wakamba wakaiita njaa ile Ndeke, ndege, kisha mafuriko yakafuata. Matuta yasiyoinuliwa yakapasuka. Kinachonivutia ni kwamba hakukuwa na amri iliyowarudisha watu shambani. Katikati ya miaka ya 1960, bila afisa mwenye daftari na bila fedha za maana kutoka nje, familia na vikundi vya mwethya vilianza tena kuchimba, vikiongozwa na wanawake walewale au mabinti zao. Sidhani kuna ushahidi wa nguvu zaidi ya huo katika kisa chote.

Miradi ikarudi baadaye. Kuanzia 1974 Sweden ikaisaidia Kenya katika mpango wa taifa wa hifadhi ya udongo, kati ya 1978 na 1988 Machakos ikawa na mpango wake mkubwa kwa msaada wa Ulaya, na mwaka 1981 rais akaunda tume ya kudumu ya hifadhi ya udongo na upandaji miti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wizara ilianza kufanya kazi bonde kwa bonde, na kila bonde likachagua kamati ya wakulima wa kujitolea. Kwenye karatasi ilikuwa mwethya iliyovalishwa suti. Tofauti ilionekana wataalamu walipohamia bonde jingine baada ya mwaka mmoja: penye kikundi kilichokuwepo tangu zamani kamati ilijishikiza hapo ikaendelea, na kwingine kamati ilizaliwa na mradi ikafa na mradi. Kuchaguliwa hakutoshi kama kazi uliyochaguliwa kuifanya inaletwa na gari la wizara.

Mfano mzuri wa kikundi chenye mizizi uko Kola, kusini mwa mji wa Machakos. Mwaka 1978 mkulima Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, ambacho baadaye kilijulikana sana kwa mabwawa ya mchanga. Ukambani imejaa mito ya msimu, mito ambayo siku nyingi ni barabara ya mchanga tu. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, ukuta ukikalia mwamba bila kuacha upenyo chini. Misimu michache ya mvua inaujaza mchanga nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga huo, kati ya punje na punje, maji yanakaa, hadi theluthi moja ya ujazo au zaidi, yamefichwa jua na mbu. Mama anachimba kidogo au anatumia pampu, anateka. Kikundi hutoa mawe, mchanga, maji na nguvu, na mfadhili hutoa saruji na chuma.

Bwawa hilo ni mtoto wa tuta. Mlima ulio juu ya mto usipokingwa, kinachojaa nyuma ya ukuta ni tope, na tope halitoi maji. Kwa hiyo kiongozi anayetaka bwawa inambidi arudi kwenye yale mazungumzo ya zamani na watu wa juu. Isitoshe, bwawa limeleta adui ambaye mababu hawakumjua. Mchanga ni mali. Nairobi inajengwa usiku na mchana, na lori likiingia mtoni saa nane za usiku linaondoka na maji ya kijiji yakiwa ndani ya mchanga. Kaunti ya Makueni, iliyokuwa sehemu ya Machakos hadi 1992, ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Ni hatua, tena kubwa. Ila sheria hailali mtoni. Anayesikia lori likishusha gia gizani ni mtu wa kamati, mwenye tochi ya simu, bila mshahara, na wenye lori hawapendi kuulizwa maswali.

Mtu wa Kondoa akinisoma hadi hapa atakuwa na neno. Kule Tanzania mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, uliamua mwaka 1979 kuondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika la Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Hakuna aliyepiga kura. Na nyasi zikarudi, miti ikarudi, makorongo mengi yakafunikwa. Siwezi kuuficha ukweli huo kwa sababu unaiharibu hoja yangu. Amri inaweza kuponya ardhi. Bali ng'ombe hawakuyeyuka, walihamia malisho ya wengine, wengine wakarudi kwa mlango wa nyuma, na kila mwaka serikali ilibidi iendelee kulinda mpaka wake kwa askari na faini. Mwisho wa miaka ya 1980 ndipo kukaanza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaolishwa ndani, na mazungumzo ya kweli na wafugaji. Kondoa ilionyesha kwamba inawezekana kuwatoa watu kwenye jambo na ardhi ikapona. Machakos ilionyesha gharama ndogo ya kuwaachia ndani.

Ukiwauliza wanachama wa vikundi vya mwethya shida yao ya sasa, hawatataja ukosefu wa ujuzi. Kamba na pima maji zipo, kila fundi anayo. Taabu ni kwamba mlima umebadilisha wamiliki. Ardhi imegawanywa kwa wana, na wajukuu wamepata vipande ambavyo tuta moja likipita linakula sehemu ya kumi. Baadhi ya vipande vya juu, vyenye upepo na mandhari ya kuvutia, vimenunuliwa na watu wa Nairobi. Kuna ua, geti na mlinzi ambaye hana ruhusa ya kumfungulia mtu. Mwenye kiwanja hajui mwethya, si kwa kiburi. Hana ng'ombe wa kulisha mabingobingo, hana kisima anachokutana na majirani, na faini ya kikundi haimgusi kwa kuwa hayumo kwenye daftari. Tuta lililokuwa hapo lilisawazishwa ili gari lipite.

Mvua za Machi hadi Mei mwaka 2024, zile zilizoizamisha Nairobi na kuujaza mto Athi, zilipita kwenye viwanja kama hivyo zikishuka. Baadaye kikundi hukutana, na mwenyekiti, siku hizi aghalabu mwanamke wa miaka sitini na kitu, anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: nani ana namba ya yule mwenye geti jeusi? Mmoja anayo. Inapigwa, haipokelewi. Wanakubaliana kwamba mmoja wao aende akazungumze na mlinzi, ambaye kwa bahati ni mtoto wa mjini lakini mama yake ni wa Kathiani, hukohuko Machakos, na kwamba aende na kamba.